Mbwa Mwitu Hana Wakili: Visingizio vya Dawa Michezoni na Wanaobebeshwa Mzigo



Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo tumezoea kuwaachia waume na vijana wetu wa kiume: michezo, na hasa maneno wanayoyatoa wanamichezo wanapokutwa na dawa zilizopigwa marufuku. Tafadhali usiruke ukurasa ukasema hayakuhusu. Ukiyasikiliza vizuri maneno hayo, utakuta humo ndani tumejaa sisi wenyewe: mama, mke, mama mkwe na dada wa kazi.

Tuanze na la karibu. Tarehe 13 Oktoba 2024, kule Chicago, Mkenya Ruth Chepngetich alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Machi 2025, alichukuliwa sampuli ya mkojo, na ndani yake ikapatikana dawa iitwayo hidroklorothiazidi. Mwezi Julai ikajulikana kuwa amesimamishwa kwa muda. Mwezi Oktoba Kitengo cha Uadilifu cha Riadha, AIU, kikatangaza kuwa amefungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago imebaki, kwa kuwa ilipatikana kabla ya sampuli hiyo.

Alipohojiwa mwanzo hakuweza kueleza dawa hiyo ilivyoingia mwilini mwake. Baadaye akasema amekumbuka: siku mbili kabla ya kupimwa alijisikia mgonjwa, akameza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuangalia ni dawa gani. Akatuma na picha ya pakiti. Jina la dawa lilikuwa limeandikwa juu yake, wazi kabisa.

Dawa yenyewe wengi wetu tunaijua hata kama jina lake linatushinda kulitamka. Ni dawa ya presha, ile inayomfanya mtu aende msalani mara kwa mara. Inafanya figo zitoe maji na chumvi kwa wingi. Wanamichezo wamekatazwa kuitumia kwa sababu maji hayo mengi huufanya mkojo uwe mwepesi, na dawa nyingine iliyojificha humo ikawa vigumu kuonekana. Maabara hutakiwa kuripoti ikiwa kiwango kimezidi nanogramu 20 kwa mililita. Kwake makadirio yalikuwa 3,800.

Habari ilipotoka, watu walicheka. Vikatuni vikachorwa, vijembe vikapigwa, dada wa kazi akawa mzaha wa wiki nzima. Sisi tunataka kuuliza maswali mawili tu. Je, watu wana haki ya kutoamini? Na je, yule aliyetajwa ndani ya kisingizio, yeye haki yake iko wapi?

Kwa nini watu hawaamini tena

Watu wamechoka kudanganywa, na uchovu huo haukuanza jana.

Mwaka 2004 Mmarekani Tyler Hamilton, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli, alikutwa na damu ya mtu mwingine mwilini mwake. Katika utetezi wake likatolewa jambo la ajabu: huenda alikuwa na pacha aliyetoweka tumboni mwa mama yao, akamwachia chembe za damu. Mwaka 2011 alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa na mbinu zilizokatazwa kwa miaka mingi, na mwaka 2012 akavuliwa ile dhahabu ya Athens.

Mwaka 2006 Floyd Landis alishinda mbio za baiskeli za Ufaransa, Tour de France, kisha akakutwa na testosteroni. Mara ni pombe aliyokunywa usiku ule, mara ni mwili wake ndivyo ulivyoumbwa. Mashabiki wake walichanga pesa kumsaidia kulipa mawakili. Watu wa kawaida walitoa walichonacho kwa sababu walimwamini. Mwaka 2010 akakiri.

Lance Armstrong alikutwa na alama za kotizoni mwaka 1999. Ikatolewa karatasi ya daktari kwamba ni krimu ya vidonda vya kukalia baiskeli, na wakubwa wa mchezo wakaipokea. Baadaye ilibainika kuwa karatasi ile iliandikwa baada ya kipimo na kurudishwa tarehe nyuma. Wale waliosema ukweli juu yake katika miaka ile walishtakiwa, wakatukanwa, wakaitwa wendawazimu. Alivuliwa mataji yote 7 mwaka 2012, na Januari 2013 akakiri mbele ya televisheni.

Na Marion Jones, mwanamke aliyepata medali 5 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, alikana kwa miaka. Mwaka 2007 alipokiri mahakamani kuwa aliwadanganya wapelelezi, alisema kocha wake alimwambia kuwa anachompa ni mafuta ya mbegu za kitani. Mwaka 2008 alihukumiwa miezi 6 jela, naye alikuwa mama wa watoto wadogo.

Kwa hiyo tusiwalaumu watu wanaoguna. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyetoa akiba yake kumchangia mtu aliyeapa kuwa ni safi, kisha akamsikia mtu huyo huyo akikiri, hatuna haki ya kumwambia ana roho mbaya kwa sababu safari nyingine amenyamaza.

Lakini wapo waliosema kweli

Hapa ndipo tunapotaka kwenda taratibu. Wapo waliosema kweli, na wakachekwa vilevile.

Diane Modahl alikuwa mkimbiaji wa mita 800 wa Uingereza, bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1990. Mwaka 1994 alipimwa Lisbon, Ureno, na majibu yakaonyesha testosteroni ya kupita kiasi. Alirudishwa nyumbani kutoka Kanada, alikokwenda kutetea taji lake. Akafungiwa miaka 4. Yeye na mumewe wakang'ang'ania kuwa hakutumia kitu. Baadaye ikaonekana kuwa sampuli yake haikuwekwa kwenye baridi, iliachwa kwenye joto, na bakteria wangeweza kuyabadilisha majibu. Mwaka 1995 kifungo kikafutwa. Lakini miaka yake mizuri ya kukimbia ilikuwa imekwenda, na mali nyingi imeteketea kwa mawakili.

Mwaka 2011, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Mexico, wachezaji 208 walipimwa na 109 kati yao wakakutwa na chembe za klenbuterol. Nusu ya vijana wa mashindano mazima! Hawakuwa wezi wote wale. Ilikuwa ni nyama ya ng'ombe waliolishwa dawa hiyo ili wanenepe haraka. Ule msemo wa "ni nyama niliyokula", ambao watu huucheka sana, pale ulikuwa ni kweli tupu.

Sasa mtazame Alberto Contador wa Uhispania. Naye alikutwa na klenbuterol, kidogo sana, kwenye Tour de France ya mwaka 2010, naye akasema ni nyama. Lakini nyama yake ilinunuliwa Uhispania, ambako ng'ombe hukaguliwa na dawa hiyo haipatikani ila kwa nadra mno. Februari 2012 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, haikuyakubali maelezo hayo, ikamfungia miaka 2 na taji likaondoka. Maneno ni yale yale, "ni nyama", lakini ushahidi ni tofauti, na kwa hiyo hukumu ni tofauti.

Hivi ndivyo dini yetu inavyotufundisha. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitumia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika sura hiyo hiyo, aya chache mbele, tumekatazwa kujaa dhana, kupelelezana na kusengenyana. Wengine huishika aya ya pili wakaisahau ya kwanza, wakadhani husnudhani ni kufumba macho na kumeza kila unachoambiwa. Husnudhani haimwondolei mtu wajibu wa kuleta ushahidi. Na kutoamini hakumpi mtu ruhusa ya kutukana.

Udhuru na kisingizio

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, na tukiyatenganisha tutaona vizuri. Udhuru ni sababu ya kweli inayomwondolea mtu lawama au kumpunguzia. Mgonjwa ana udhuru wa kutofunga, msafiri ana udhuru wake. Kisingizio ni sababu iliyotengenezwa ili lawama imwangukie mwingine.

Sheria za dawa michezoni zinasema mwanamichezo anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Wengi huona ni ukali. Lakini fikirini, dada zetu: kama ingetosha kusema "sikujua", nani angewahi kukubali kosa? Ndiyo maana mzigo wa kueleza dawa ilivyoingia anabebeshwa yeye. Akileta maelezo yenye ushahidi, adhabu hupungua au huondoka. Asipoleta, anabaki nayo.

Mwaka 2000 kule Sydney, Andreea Răducan wa Romania, msichana wa miaka 16, alipewa na daktari wa timu kidonge cha mafua. Ndani yake mlikuwa na dawa iliyokatazwa wakati ule. Alinyang'anywa dhahabu yake ya jimnastiki, ingawa kila mtu alikubali kuwa hakufanya hila. Medali ilikwenda, heshima haikwenda. Daktari ndiye aliyefungiwa.

Na Paul Pogba, ambaye vijana wetu wengi wanampenda kwa mpira wake na kwa Uislamu wake. Mwaka 2023 alikutwa na DHEA, akafungiwa miaka 4. Alieleza kuwa ni kirutubisho alichopewa na daktari wa Marekani. Mwaka 2024 CAS ikakubali kuwa hakukusudia, ikapunguza adhabu hadi miezi 18. Ilipunguza, haikuifuta, kwa sababu mchezaji wa kiwango chake alitakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Huo ndio udhuru wa kweli unavyofanya kazi: unampunguzia mtu mzigo, na sehemu iliyo yake anaibeba mwenyewe.

Tazama ni nani anayetajwa

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka 2002 Raimondas Rumšas wa Lithuania alimaliza wa tatu kwenye Tour de France. Siku ya mwisho ya mbio, maofisa wa forodha wa Ufaransa wakalisimamisha gari la mkewe, Edita, karibu na Chamonix. Ndani wakakuta shehena ya dawa: EPO, testosteroni, homoni za ukuaji na nyinginezo. Maelezo ya familia yalikuwa kwamba dawa zile ni za mama mkwe, mama yake Edita, aliyekuwa mgonjwa. Edita aliwekwa rumande zaidi ya miezi 2. Mume alibaki nje ya Ufaransa. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akakutwa na EPO kwenye mbio za Italia. Mke akakaa gerezani, mama mkwe akatajwa dunia nzima, na mwenye miguu iliyopanda milima akawa mbali.

Mwaka 2003 Shane Warne, mrushaji mkubwa wa kriketi wa Australia, alirudishwa nyumbani kutoka Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Alikutwa na dawa za kutoa maji mwilini, mojawapo hidroklorothiazidi ile ile. Akasema ni kidonge cha kupunguza mwili alichopewa na mama yake. Kamati haikuridhishwa na maelezo yake, akafungiwa mwaka mmoja.

Mwaka 2011 Kolo Touré wa Manchester City alikutwa na dawa ya aina hiyo hiyo, na ikaelezwa kuwa ni vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Yeye waliomsikiliza walimkubalia kuwa hakukusudia kujipa nguvu, akafungiwa miezi 6.

Kamila Valieva wa Urusi, mcheza barafu aliyekuwa na miaka 15, alikutwa na dawa ya moyo. Likatolewa jina la babu yake. Januari 2024 CAS haikukubali, akafungiwa miaka 4. Watu wazima waliomzunguka mtoto yule, waliomfundisha na kumlisha, wao hawakuadhibiwa katika hukumu hiyo.

Na Sara Errani, mcheza tenisi wa Italia, mwaka 2017 alikutwa na dawa ya saratani ya matiti ambayo mama yake alikuwa akiimeza. Walieleza kuwa kidonge kilianguka jikoni na kuingia kwenye chakula. Dunia ikacheka. Lakini ugonjwa wa mama ulikuwa kweli, na waliosikiliza kesi wakakubali kuwa binti hakukusudia. Hata hivyo CAS iliongeza kifungo chake kutoka miezi 2 hadi 10, kwa kuwa nyumbani hawakuwa waangalifu vya kutosha.

Mnaona? Mama, mke, mama mkwe, babu, dada wa kazi. Wengine walitajwa kwa haki na wengine kwa dhulma, lakini karibu wote ni watu ambao hawakushindana na wala hawakupokea hata senti ya zawadi. Ni nadra kusikia kisingizio kinachomwangukia mwenye nguvu: wakala, mdhamini, mkubwa wa timu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lawama hutafuta asiyekuwepo.

Msomaji wa Qur'ani anaijua hadithi hii kabla hatujaitaja. Ndugu zake Yusuf, alayhi salaam, walirudi kwa baba yao usiku wakilia, na kanzu iliyopakwa damu ya uongo, wakasema mbwa mwitu amemla. Walichagua mbwa mwitu kwa sababu mbwa mwitu haji kujitetea. Hana wakili. Wafasiri husimulia kuwa Yaaqub, alayhi salaam, aliitazama kanzu akaona haijachanika, akashangaa mbwa mwitu gani huyo mpole aliyemla mtoto asiichane nguo yake. Hakuyaamini machozi. Na hakupiga kelele pia. Alisubiri subira njema.

Katika sura hiyo hiyo kuna kanzu ya pili. Mke wa Aziz alipomsingizia Yusuf, shahidi kutoka katika watu wake mwanamke mwenyewe alisema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli, na ikiwa kwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Hakuuliza nani analia zaidi, nani ana cheo, nani ni mtumwa na nani ni bibi wa nyumba. Aliitazama nguo. Mtumwa akaonekana ni mkweli.

Jambo la kanzu yenye damu ya uongo halikuishia kwa ndugu zake Yusuf. Jemima Sumgong alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Tulimshangilia sote. Mwaka 2017 alikutwa na EPO. Akaeleza kuwa alitibiwa hospitalini Nairobi kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hospitali ikasema haikumtibu, na karatasi zikaonekana ni za kughushi. Kifungo cha miaka 4 kikafikishwa 8 mwaka 2019.

Dada zetu, wapo kati yetu waliopitia mimba ya namna ile. Tunajua maumivu yake, damu yake, na mauti yanavyomkaribia mtu. Uongo ule haukumdhuru aliyeusema peke yake. Siku ambapo mwanariadha mwingine atakuwa amepoteza mimba kweli, amelazwa kweli, amepewa dawa kweli, atakuta wenye kumsikiliza wamekwishakunja nyuso. Kila kisingizio cha uongo kinamla mwenye udhuru wa kweli atakayekuja nyuma yake. Surat an-Nisaa inatuonya kuwa mwenye kutenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia, amejitwika uzushi pamoja na dhambi iliyo dhahiri. Ni mizigo miwili. Hata sheria ya michezo inakwenda njia hiyo: dawa ni miaka 4, na uongo juu ya dawa ni miaka 4 mingine.

Mambo matatu ya kutazama

Basi tunapokutana na habari nyingine ya aina hii, na itakuja tu, tunapendekeza tutazame kanzu kwa mambo matatu.

Kwanza, je, maelezo yamekuja mapema na yamebaki yale yale? Mkweli anaweza kusahau, sisi sote ni binadamu. Lakini hadithi inayobadilika kila inapobanwa ina kasoro.

Pili, je, kuna kitu cha kushika mkononi? Cheti kinachothibitishwa na aliyekitoa, risiti, chupa iliyobaki ikapelekwa maabara, shahidi aliyekuja mwenyewe. Jannik Sinner wa tenisi alipokutwa na klostebol mwaka 2024, alisema iliingia kupitia mikono ya mtu aliyekuwa akimkanda, ambaye alipulizia dawa kwenye kidonda chake cha kidole. Lilisikika kama hadithi ya sungura. Lakini dawa ilionekana na waliohusika wakaeleza, na waliomsikiliza wakakubali kuwa haikuwa hila. Hata hivyo Februari 2025 alikubali kifungo cha miezi 3, kwa kuwa mchezaji anawajibika kwa makosa ya watu wake. Wapo waliosema amependelewa kwa sababu ana pesa ya mawakili wazuri, na swali hilo ni la haki. Mkimbiaji kutoka kijijini hana pesa ya kupima chupa moja baada ya nyingine.

Tatu, je, maelezo yanamtwisha nani mzigo, na huyo amepewa nafasi ya kusema? Hili la tatu ndilo watu hawaliulizi. Tunacheka kuhusu dada wa kazi, hatuulizi dada wa kazi anasemaje. Mgonjwa wa presha anameza dawa yake kwa siri yake, halafu siku moja pakiti yake inapigwa picha na kuzungushwa dunia nzima. Hata kama kila neno ni kweli, basi mwajiri amechukua dawa ya mfanyakazi wake. Wapi umesikia mtu akiliona hilo kuwa ni jambo?

Na majumbani mwetu

Tusijifanye kuwa haya ni ya wakimbiaji peke yao. Pete ya dhahabu ikipotea, nani anatajwa kwanza? Sukari ikiisha kabla ya mwezi, mtoto akianguka, glasi ya harusi ikivunjika? Mabinti wa pwani na visiwa vyetu wanakwenda kufanya kazi za ndani Mombasa, Nairobi, Muscat na Riyadh, na wengi wanajua vizuri maana ya kuwa mbwa mwitu wa nyumba. Watoto wetu wanatusikia tunapomtupia lawama asiye na sauti, na wanajifunza kuwa ndivyo mambo yanavyofanywa. Kabla hajawa bingwa anayesingizia, alikuwa mtoto aliyeona kusingizia kunafaa.

Kuna na la kufanya kwa mikono. Dawa ya mtu ni ya mtu. Tusimpe jirani vidonge vyetu vya presha kwa sababu naye kichwa kinamgonga, na tusichukue vyake. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa kwa simu, visivyo na orodha ya vilivyomo, tuvikimbie, maana mara nyingi unachopunguza ni maji tu na figo ndizo zinazolipa. Ukiwa na binti au kijana anayekimbia, anayecheza mpira, anayeota kuvaa jezi ya taifa, mfundishe kusoma pakiti na kumwambia daktari mapema kuwa yeye ni mwanamichezo. Na mfundishe kutamka sentensi ngumu kuliko zote: "Nimefanya mimi."

Chepngetich hatumfukuzi mioyoni mwetu. Amekubali kosa la dawa kukutwa mwilini mwake, na kwa kukubali mapema alipunguziwa mwaka mmoja. Miaka 3 itapita, na mlango wa toba ni mpana kuliko uwanja wowote. Tunachoomba ni kwamba safari nyingine, kabla ya kicheko, atokee mmoja katika kikundi chetu cha simu aulize: na yule dada, yeye amesemaje?

Allah atujaalie tuwe wakweli hata ukweli unapotugharimu, atuhifadhi ndimi zetu na dhana mbaya, na awatetee wasio na wa kuwatetea. Amin.

Wabillahi tawfiq.